Kiitaliano cha Malindi: Lugha Iliyopokewa kwa Masikio
Tangu Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, mji huo umezoea kuzipokea lugha za wageni kwa masikio kabla ya kitabu, na ndiyo maana maneno ya Kireno yaliyobaki katika Kiswahili, kama vile meza, leso, karata na mvinyo, ni majina ya vitu vilivyoshikwa na kutumiwa. Kiitaliano kilifuata njia hiyo hiyo, ila kililetwa na maroketi.

Katika miaka ya 1960, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Roma wakiongozwa na Luigi Broglio waliichagua Ghuba ya Ungwana, mkabala wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisaidia zaidi roketi inayoelekezwa mashariki. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa lililosimikwa baharini tarehe 26 Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikafuata setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei, yaani mionzi isiyoonekana kwa macho, ambayo iliitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Hivyo, Malindi ilipokuwa ikizoea Kiitaliano, neno la Kiswahili liliingia katika orodha za wanaastronomia, ambamo hadi leo herufi U hutangulia namba za vyanzo vya mionzi hiyo.

Waitaliano walipoongezeka kwa utalii, vijana wa ufukweni, wapishi na wahudumu walianza na salamu, bei na majina ya samaki. Elimu hiyo haikuwa na cheti, lakini inastahili heshima ya elimu yoyote. Upatanisho wa kisarufi haukuwa mgeni kwao, kwani *libro bello* hugeuka *libri belli* katika wingi kama vile kitabu kizuri kinavyogeuka vitabu vizuri, na takriban kila neno huishia kwa irabu. Ugumu ulikuwa katika konsonanti maradufu, yaani zile zinazoshikiliwa kinywani kitambo kidogo: *pala* ni sepetu, *palla* ni mpira. Hapo nyimbo na filamu, na sasa simu ya mkononi, zimemfaa mwanafunzi kuliko ukurasa, kwa sababu tofauti hiyo, ingawa huonekana katika maandishi, haikamatiki ila kwa sikio lililoirudia mara nyingi.