Dumuzi, Dawa na Kiuatilifu: Historia Fupi ya Maneno ya Ghalani

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi janga moja la ghalani lilivyoijaribu lugha yetu. Mnamo mwaka 1981 ilitambulika kwamba mdudu mgeni, mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, alikuwa akiharibu mahindi mkoani Tabora. Wataalamu walimjua kwa jina la Prostephanus truncatus. Wakulima, wasiongoje kamati yoyote, walimwita Scania, kwa jina la lori. Vitabu vya kilimo vikamwita dumuzi.

Mkoa wa Singida umepakana na Tabora, na chakula cha kaya nyingi za Iramba na Manyoni hutegemea ghala kutoka mavuno hadi mavuno. Hapo ndipo neno linapopata uzito. Wakulima walishauriwa kupukuchua mahindi na kuyachanganya na unga wenye viini viwili: permethrini, inayomwua dumuzi, na pirimifosi-methili, inayomwua fukusi. Ushauri ulikuwa mwema. Lakini unga huo uliitwa "dawa", neno lile lile la kidonge cha hospitali. Dawa humponya anywaye. Sumu haina huruma hiyo. Neno kiuatilifu, lenye kitenzi "ua" ndani yake, halidanganyi. Sheria ya mwaka 2020 ililitia nguvu, ilipoundwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Likazuka tatizo la pili. Mwaka 1991 huko Togo, mwaka 1992 nchini Kenya, na baadaye kwetu pia, aliachiliwa Teretrius nigrescens, mdudu mdogo amlaye dumuzi. Kusudi lilikuwa kumpunguza dumuzi hata porini, anakoishi ndani ya miti, ilhali unga unalinda nafaka ghalani. Njia hizi mbili husaidiana iwapo kila moja itakaa mahali pake, kwa maana sumu imwuayo mdudu mmoja yaweza kumwua na mwenziwe.

Basi mfasiri aandikaye "ua wadudu wote" amemhukumu rafiki pamoja na adui. Hali ni hiyo hiyo kwa nematodi wanaoua wadudu waharibifu: tukiwaita "minyoo" tu, msomaji atatafuta dawa ya kuwaangamiza. Twapendekeza, kwa hiyo, "mdudu mharibifu", "mdudu rafiki" na "nematodi rafiki" vitenganishwe daima, na "dawa" iachiwe wagonjwa.