Kompyuta iko nyumbani, wewe uko mbali: namna ya kuifikia kwa simu hata anwani ya IP ikibadilika

Chukua mfano wa katibu wa chama cha msingi cha wakulima. Hesabu za mizani na malipo ya wanachama ziko kwenye kompyuta nyumbani kwake mjini. Msimu wa mavuno yeye yuko ghalani, saa tatu kwa basi, ana simu tu mkononi. Mwanachama anamuuliza kama kilo zake za juzi zimeingizwa. Jumatatu katibu alifungua kompyuta ile kwa simu bila tatizo. Jumatano simu inamwambia haiwezi kuunganisha, na huko nyumbani umeme upo, kompyuta inawaka, na bando halijaisha.

Mara nyingi kilichotokea hapo ni kwamba anwani ya IP ya nyumbani imebadilika.

Kwa nini anwani haitulii

Anwani ya IP ni namba inayowezesha kifaa kupatikana kwenye intaneti. Mfumo wa zamani ambao bado unatumika sana, IPv4, una namba takriban bilioni 4.3 tu. Ulipopangwa mwaka 1981 zilionekana nyingi kupita kiasi. Mwezi Februari 2011 akiba kuu ya dunia ilimalizika, na mafungu ya mwisho yakagawiwa taasisi tano za kanda. Ya Afrika inaitwa AFRINIC, makao yake yako Mauritius.

Kwa sababu namba ni chache, kampuni ya intaneti haikupi yako ya kudumu, inakuazima. Ruta ikizimika na kuwaka tena, au muda wa kuazima ukiisha, unaweza kupewa nyingine. Simu yako iliyoko shambani inaendelea kubisha hodi kwenye namba ya zamani, ambayo pengine sasa ni ya mtu mwingine kabisa.

Kwa wanaotumia intaneti ya laini ya simu nyumbani, iwe kwa modemu au ruta ya kutia laini, kuna jambo kubwa zaidi. Wateja wengi wanatumia anwani moja kwa pamoja. Ni kama S.L.P. ya shule: wanafunzi mia wanaweza kutuma barua kupitia sanduku hilo, lakini barua ikija bila jina la mwanafunzi, hakuna wa kumpa. Wewe ukiwa nyumbani unatoka kwenda kwenye intaneti vizuri tu, ila mtu wa nje hawezi kukuanza. Intaneti ya setelaiti ya Starlink, ambayo ilianza kuuzwa Kenya mwaka 2023, nayo huwaweka wateja wa kawaida wa majumbani katika mpango wa namna hii.

Tazama kwanza uko upande gani

Kabla ya kuhangaika na dawa, fanya kipimo hiki ukiwa nyumbani. Fungua ukurasa wa ruta yako kwenye kompyuta. Anwani yake mara nyingi imebandikwa chini ya ruta, kwa mfano 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Tafuta sehemu iliyoandikwa WAN, kisha soma namba ya IP iliyopo hapo. Halafu, ukiwa kwenye intaneti hiyohiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP. Namba hizi mbili zikilingana, una anwani ya kwako mwenyewe, hata kama inabadilika. Zikitofautiana, uko kwenye S.L.P. ya shule. Dalili nyingine ni namba ya kwenye ruta kuanza na 10, au na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127.

Kipimo hiki kinaokoa siku nzima za kazi bure. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanachukulia kwamba una anwani ya kwako, na kwa wasikilizaji wetu wengi wa vijijini hali sivyo ilivyo.

Njia rahisi: kukutana katikati

Kuna programu ambazo hazijali kabisa anwani ya nyumbani. Kompyuta yenyewe inatoka na kuunganika na seva ya kampuni ya programu, na inabaki imeunganika. Simu yako nayo inaunganika na seva hiyo, na seva inawakutanisha. Anwani ikibadilika, kompyuta inajiunga upya yenyewe. Inafanya kazi hata kwa wenye kutumia anwani ya pamoja, kwa kuwa pande zote mbili zinatoka nje na hakuna anayesubiri kubishiwa hodi.

Chrome Remote Desktop ya Google ni ya bure. Unahitaji akaunti ya Google na namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi. AnyDesk, TeamViewer na RustDesk zinafanya kazi kwa mtindo huohuo. TeamViewer ya bure ni ya matumizi binafsi, kwa hiyo ukiitumia kwa kazi ya duka au chama usishangae ikianza kukukatisha. Katika programu yoyote kati ya hizi, hakikisha umeweka neno la siri la kudumu, yaani linalokuruhusu kuingia bila mtu wa nyumbani kubonyeza kukubali.

Njia ya pili ni kuunda mtandao binafsi kati ya vifaa vyako. Tailscale ni mfano mzuri: unaiweka kwenye kompyuta na kwenye simu, unaingia kwa akaunti moja, na kila kifaa kinapewa anwani inayoanza na 100 ambayo haibadiliki hata ruta ikipewa namba mpya kila siku. Ina mtego mmoja. Kwa kawaida ruhusa ya kila kifaa inaisha baada ya siku 180, na lazima uingie upya. Zima mpangilio huo kwa kompyuta ya nyumbani, la sivyo itakuacha njiani miezi sita baadaye, ukiwa umeshasahau hata jina la programu.

Kwa mwenye anwani yake: jina badala ya namba

Kama kipimo kimeonyesha una anwani ya kwako, unaweza kutumia huduma ya jina linalofuata namba. DuckDNS na No-IP zinatoa majina ya bure. Programu ndogo kwenye ruta au kompyuta inatoa taarifa kila namba inapobadilika, na simu yako inaita jina badala ya namba. Kwa jina la bure la No-IP unatakiwa kulithibitisha kila baada ya siku 30, ukisahau, linafutwa.

Watu wengi hukwama hapa kwa sababu wanasahau kwamba kuna anwani ya pili inayobadilika, ile ambayo ruta inaipa kompyuta humo ndani ya nyumba. Iambie ruta iihifadhi namba moja kwa kompyuta hiyo siku zote. Vinginevyo mlango uliofungua kwenye ruta utaelekea kwenye televisheni au simu ya mtoto.

Na kuhusu kufungua milango hiyo, tahadhari. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu kila mlango. Mlango wa 3389, unaotumiwa na huduma ya Windows ya kufikia kompyuta kwa mbali, ni miongoni mwa inayojaribiwa sana. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la hatari kwenye huduma hiyo, hata kwa Windows XP ambayo ilikuwa imeshaachwa kuhudumiwa. Usiuache wazi kwa dunia nzima. Hesabu za watu zikifungwa na wahalifu wanaodai fedha, hutakuwa na la kuwaambia wanachama. Kwa maoni yetu, hata mwenye anwani yake mwenyewe ni heri atumie mtandao binafsi tuliotaja juu.

Pale ambapo kosa si la anwani

Kompyuta iliyolala haipokei mtu. Nenda kwenye mipangilio ya umeme uizuie isilale. Skrini izime tu. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta nyingi za mezani hubaki zimezima mpaka mtu abonyeze kitufe, lakini nyingi zina mpangilio kwenye BIOS wa kuziwasha zenyewe umeme ukirudi. Ruta nayo inahitaji betri yake ndogo ya akiba.

Ukishapanga, jaribu kabla ya kusafiri: zima Wi-Fi ya simu, tumia bando la simu, kisha uingie. Ukijaribu kwa Wi-Fi ya nyumbani hujapima kitu. Kumbuka pia kwamba kuangalia skrini nzima kunakula bando. Punguza ubora wa picha. Na kama unachohitaji ni faili moja la hesabu tu, liweke kwenye Google Drive na uachane na haya yote.

Mwisho, kuhusu simu za matapeli. Mtu akikupigia akidai anatoka benki au kampuni ya simu, akakutaka uweke AnyDesk au TeamViewer na kumsomea namba inayotokea, kata simu. Ukimsomea namba ile na kumkubalia, ataiona skrini yako na anaweza kuiendesha, pamoja na akaunti zako za fedha. Kama umeshamsomea, zima intaneti ya simu papo hapo, iondoe programu hiyo, kisha nenda benki au kwa wakala wako ubadilishe namba za siri.