Rangi za muji wetu: nyeusi na nyeupe, njano na buluu



Vijana wetu wa Lubumbashi wameomba ekipe ya batoto ba warudi, na jezi za rangi yake peke. Mbele ya kuwajibu, tuangalie kwanza rangi zimefanya nini mu muji huu.

Lubumbashi ilianza mu 1910, kwa jina la Élisabethville. Mwaka ule ule njo reli ilifika kutoka Rhodesia. Wafanyakazi wa migodi na wa reli walitoka mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, kisha Rwanda na Burundi. Kila mutu alikuja na luga yake, na Kiswahili chetu kilikomea mu kambi za kazi. Ukoo mumoja haukuwepo. Ilibidi kutafuta njia ingine ya kusema "sisi", na mupira ukaileta.

Mu 1939 mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface walianzisha ekipe ya Saint-Georges. Ilibadilisha jina: Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya mipira ya motokari, na mwisho Mazembe. Rangi yake ni nyeusi na nyeupe, njo maana wanaiita Kunguru. Mwaka ule wa 1939 ilizaliwa pia Saint-Éloi Lupopo, ekipe ya batu ba reli, yenye jina la mutakatifu wa wafua vyuma. Ile inavaa njano na buluu.

Tangu pale, mutu wa muji anaulizwa: uko Mazembe ao Lupopo? Baba anaweza kuwa Lupopo na batoto Mazembe, mu nyumba moja. Englebert ilibeba kombe la Afrika mu 1967 na 1968; Mazembe ikalibeba tena mu 2009, 2010 na 2015. Mu Desemba 2010, kule Abu Dhabi, ilipiga Internacional ya Brazil 2–0, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya vilabu. Inter ya Milan ikaishinda 3–0, lakini muji wote ulikuwa umekwisha kujulikana.

Sasa tuseme na ile inauma. Mu 1992 na 1993, batu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walilala siku nyingi kwenye gare wakingoja treni. Wengine walizaliwa hapa hapa Katanga, na walishangilia ekipe moja na wale waliowafukuza. Rangi ya jezi haikuwalinda. Mutu aliulizwa baba yake alitoka wapi, basi.

Kwa hiyo sisi tunafikiri hivi. Rangi inajenga muji pale wenye asili mbalimbali wanaivaa pamoja. Ikiwa ya batu ba asili moja tu, inageuka lupango. Ekipe ya warudi peke yao itawakumbusha majirani kila siku ya Mungu kwamba batoto wetu ni wageni, wakati wao wenyewe wanataka kusahau ile neno.

Tunapendekeza feza ya jezi ilipe viatu na kuandikisha vijana wetu mu ekipe za kartie. Na kama wanachama wanataka ekipe yetu hata vile, mulango wake ufunguliwe kwa batoto ba majirani kuanzia siku ya kwanza. Tutakata neno pamoja mu mukutano unaokuja.