Mbinu za kutandaza nyasi bandia katika ua wenye kivuli na mbwa

NYASI hai hukabiliwa na maadui wawili katika nyua nyingi za makazi jijini Nairobi. Wa kwanza ni kivuli cha miti mikubwa, kuta ndefu na majumba ya ghorofa yaliyochipuka kila upande. Wa pili ni mbwa.

Nyasi aina ya kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, huhitaji jua la kutosha. Zikilikosa hudhoofika na kuachana, hatimaye udongo ukabaki wazi. Mbwa naye hukamilisha uharibifu kwa kuparua, kukimbia njia ile ile kila siku na kukojoa. Mkojo wake una naitrojeni nyingi, ambayo huunguza majani mithili ya mbolea iliyomwagwa kupita kiasi. Mvua inaponyesha, ua hugeuka tope.

Ndiposa baadhi ya wenye nyumba wamegeukia nyasi bandia. Nyasi hizi si uvumbuzi wa juzi. Zilipata umaarufu mwaka 1966 zilipotandazwa katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, Marekani. Uwanja huo ulikuwa na paa lililopitisha mwanga. Paa hilo lilipopakwa rangi ili mwangaza usiwasumbue wachezaji, nyasi hai zilikufa kwa kukosa jua.

Hata hivyo, kivuli kinachoua nyasi hai huleta taabu nyingine kwa nyasi bandia. Penye jua, mkojo na maji hukauka upesi. Penye kivuli, unyevu hukaa. Matokeo yake ni harufu kali ya amonia, utando wa kijani unaoteleza, na malalamiko ya majirani. Kwa sababu hiyo, kufaulu kwa kazi hii hutegemea zaidi kilicho chini ya zulia kuliko zulia lenyewe.

Jambo la kwanza ni kuujua udongo. Udongo mwekundu wa maeneo kama Karen na Lavington hupitisha maji vyema. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana kwa wingi upande wa Embakasi, huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Zulia likitandazwa juu yake bila matayarisho, litakuwa na mabonde na vidimbwi kabla ya mwaka kwisha. Hapo hapana budi kuchimba zaidi, kuuondoa udongo huo na kujenga mtaro wa kutoa maji.

Kwa ua wa kawaida, fundi huchimba kina cha takriban sentimita 10 hadi 15. Kisha hutandika kitambaa cha kuzuia magugu, humwaga kokoto na kuzishindilia, na kumalizia kwa tabaka jembamba la kokoto ndogo zaidi. Vumbi la mawe lililo laini mno lisitumiwe kwa wingi, kwani likishindiliwa huziba na kuzuia mkojo kupita. Ua wenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4 huhitaji takriban mita 2 za ujazo za kokoto kwa tabaka la sentimita 10.

Mteremko ni wa lazima. Sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita hutosha, mradi maji yaelekee kwenye mtaro wala si kwenye ukuta wa nyumba. Palipo na mti, mizizi mikubwa isikatwe na udongo wa karibu na shina usishindiliwe. Yafaa kuacha duara wazi kuzunguka shina ili mti upate maji na hewa.

Wakati wa kununua zulia, geuza upande wa chini uukague. Lazima liwe na matundu au kitambaa kinachopitisha maji kote. Majani yenye urefu wa milimita 25 hadi 35 hufaa kwa mbwa. Yaliyo marefu zaidi hulala na kushika kinyesi. Vipande vyote vielekezwe upande mmoja, na viungo vishikizwe kwa utepe na gundi. Kingo zifungwe imara, kwani mbwa huanza kung'oa penye mwanya.

Kati ya majani hunyunyizwa mchanga safi au madini ya zeolaiti, ambayo hunasa amonia. Chembechembe za mpira wa magurudumu makuukuu ziepukwe. Mbwa huweza kuzimeza, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kukomesha uuzaji wake kwa viwanja baada ya kipindi cha miaka minane, kwa kuwa husambaza plastiki katika mazingira.

Kazi haiishi fundi anapoondoka. Kinyesi kiondolewe kila siku, kwani huweza kubeba mayai ya minyoo yanayowadhuru watoto. Mahali mbwa anapokojoa pamwagiwe maji mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi. Majani ya miti yafagiwe kabla ya kuoza. Usitumie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo palipo na mkojo, kwa sababu ikichanganyika na amonia hutoa hewa yenye sumu kwa binadamu na mbwa.

Kwa hivyo, nyumba inayopata maji kwa mgao itafakari kabla ya kutoa pesa. Nyasi hizi hazihitaji kunyunyiziwa ili zikue, lakini zisipooshwa zitanuka. Asiyeweza kuziosha afadhali amtengee mbwa eneo la kokoto na kupanda mimea inayostahimili kivuli kwingineko.

Kwa atakayeamua kuendelea, kuna jaribio rahisi. Kabla ya zulia kutandazwa, mwaga ndoo kadhaa za maji juu ya kokoto zilizoshindiliwa na utazame. Yakituama, mwambie fundi arudie kazi. Kulirekebisha kosa hilo baada ya zulia kugandishwa ni sawa na kuanza upya.