Moshi usiojua mpaka

Jamani, kuchoma pori wakati wa kiangazi tumekuzoea. Moto ukizimika, tunasahau. Moshi je? Wanaujua watu wa Kusini-Mashariki mwa Asia.

Mwaka 1995 Rais Suharto wa Indonesia aliamuru hekta milioni 1 za Kalimantan, nyingi zikiwa vinamasi, zigeuzwe mashamba ya mpunga. Mifereji ikachimbwa, maji yakatoka, udongo wa mboji ukakauka. Mwaka 1997 El Niño ikaleta ukame. Mioto ya kusafisha mashamba, ya wanakijiji na ya makampuni makubwa, huko Kalimantan na Sumatra, ikaingia ardhini na kufukuta kwa miezi.

Upepo ukaupeleka moshi Singapore na Malaysia. Septemba hiyo jimbo la Sarawak likatangaza hali ya hatari: kipimo cha uchafuzi wa hewa kilipita 800, wakati 300 tu tayari ni hatari. Shule na ofisi zikafungwa.

Mwaka 2002 nchi za ASEAN zikasaini mkataba wa kudhibiti moshi huo. Indonesia ikauridhia 2014! Mwaka uliofuata, anga likafunikwa tena.

Ndugu msomaji, anayewasha kiberiti akiwa nchi moja na anayekohoa nchi nyingine, nani atakuwa na haraka ya kuzima?