Mashahidi wa Anga

Katika Kirushya, wilayani Ngara, usiku usio na mbalamwezi huonyesha nyota kwa wingi ambao mkazi wa mji mkubwa amekwisha kuusahau. Kitu cha ajabu kikipita juu ya nchi kama hiyo, hakitaonwa kwanza na mtaalamu mwenye darubini. Kitaonwa na mkulima, mchungaji, au mtoto arudiye kutoka kisimani. Je, maneno ya watu hao yana uzito gani katika elimu? Jibu laweza kutafutwa katika matukio matatu ya nchi jirani, upande wa pili wa Ziwa Viktoria na mbele yake.

Mazungumzo ya "sahani zirukazo" yalianza Marekani tarehe 24 Juni 1947, rubani Kenneth Arnold aliposimulia kwamba ameona vitu tisa vikienda kasi karibu na Mlima Rainier. Zamu ya Afrika Mashariki haikukawia. Tarehe 19 Februari 1951 ndege ya East African Airways ilikuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa asubuhi. Rubani wake, Jack Bicknell, pamoja na mwendesha redio na abiria, waliona upande wa Kilimanjaro kitu king'aacho chenye umbo la risasi. Bicknell alikadiria kwamba urefu wake ulizidi futi 200. Hapana sababu ya kumshuku kuwa mwongo. Alikuwa mtu wa kazi yake, na hakuwa peke yake. Walakini mashahidi wote walikuwa ndani ya ndege moja, na hapo ndipo ushahidi ulipopwaya. Atazamaye kutoka mahali pamoja hawezi kujua umbali wa asichokijua, na asiyejua umbali hawezi kujua ukubwa: punje iliyo karibu na jabali lililo mbali huweza kujaza jicho sawasawa. Hizo futi 200 zilikuwa dhana ya mtu mwaminifu, basi. Jeshi la anga la Marekani, kwa miaka ya 1947 hadi 1969, lilihesabu taarifa 12,618 za namna hii, na 701 zikabaki bila kufumbuliwa. Wako waliozichukua hizo 701 kuwa thibitisho la wageni kutoka sayari nyingine, hali kutofumbuliwa kwa jambo hakusemi lolote juu ya asili yake.

Tukio la Mbale, mashariki ya Uganda, lilikuwa na heri nyingine. Tarehe 14 Agosti 1992, saa tisa na dakika arobaini alasiri, kishindo kilisikika na mawe yakanyesha mashambani. Jiwe moja dogo, la gramu 3.6, liligonga jani la mgomba, likadunda na kumpiga mvulana kichwani, hakuumia. Wakafika wachunguzi, miongoni mwao Hans Betlem na Peter Jenniskens wa Chama cha Vimondo cha Uholanzi, ambacho ni chama cha wapenzi wa mambo ya anga wafanyao kazi hiyo kwa kujitolea. Nao wakashirikiana na Barifaijo wa Chuo Kikuu cha Makerere. Walifanya jambo ambalo hakuna aliyeweza kulifanya mwaka 1951: waliwauliza watu wa mahali pengi.

Kanuni ya kazi hiyo yaweza kuelezwa kwa fimbo na dira. Shahidi hurudishwa pale pale aliposimama, akaonyesha kwa mkono alipoona moshi au mwanga. Mwelekeo huandikwa, na kimo hupimwa. Shahidi wa kijiji kingine hufanya vivyo hivyo, na mistari yao miwili hukutana angani. Tena huulizwa kishindo kilikuja muda gani baada ya mwanga, maana sauti huhitaji takriban sekunde tatu kwa kila kilomita. Kwa maelezo ya wenyeji, na kwa kuandika mahali yalipoangukia mawe 48, ilijulikana kwamba yalitawanyika katika eneo la kilomita tatu kwa saba. Kwamba kimondo kilipasuka kabisa kikiwa kilomita 10 hadi 14 juu ya ardhi. Na kwamba kabla ya kuingia hewani yamkini kilikuwa na uzito wa kilo 1,000. Jiwe kubwa lililopimwa lilikuwa la kilo 27.4. Hata njia ya kimondo kulizunguka jua ilikadiriwa.

Baadhi ya mawe hayakufika maabara. Watu waliyasaga na kuyala, wakitumaini kuwa ni dawa ya UKIMWI. Asicheke mtu. Mwaka 1992 dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwafikia watu wa vijijini, na katika Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, wangepatikana wengi wa kulifahamu tumaini hilo.

Siku hizi viangukavyo si mawe tu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka Mukuku, katika kaunti ya Makueni, Kenya. Wanakijiji ndio waliotoa habari. Shirika la Anga la Kenya lilikuja, likaichukua, na kutangaza kwamba yaelekea ni kipande cha roketi. Lakini roketi ya nani? Swali hilo lina fedha ndani yake. Mkataba wa kimataifa wa 1972 waipasa nchi iliyorusha chombo kulipa hasara kiletayo juu ya ardhi, pasipo haja ya kuthibitisha uzembe wake. Ila mdai lazima kwanza aitaje nchi hiyo. Na ili kuitaja, watafutao katika orodha za vyombo vilivyorushwa huhitaji saa ya kuanguka, mahali, na upande kilikotokea. Saa hiyo haikuandikwa na mtambo wowote wa Makueni. Ilitoka kwa watu waliokuwa mashambani alasiri ile.