Turbo na kolekteri ya moshi: historia ya chuma kinachopandisha magari milimani

BUKAVU – Mtu akisimama Nyawera, katika komine ya Ibanda, anasikia magari kabla ya kuyaona. Kamio inayopanda na mzigo hailii kama ile inayoteremka bure. Ikiwa ina turbo, ndani ya mlio wake kuna filimbi nyembamba inayopanda pamoja na mwendo. Siku kolekteri ya moshi inapopasuka, filimbi inapungua, motere inaanza kutoa sauti ya kutema, moshi mweusi unajaa barabarani na gari linakosa nguvu. Kwa mwenye gari, hiyo ni hasara. Kwa mama anayengoja unga sokoni, ni bei kupanda. Na kwa familia iliyokimbia, yenye magodoro na sufuria zake zote juu ya ile kamio, ni usiku wa kulala njiani.

Chuma hicho kinachoitwa kolekteri kina historia ndefu kuliko wengi wanavyofikiri.

Motere inakula vitu viwili: mafuta na hewa. Kuongeza mafuta ni rahisi, lakini bila hewa ya kutosha mafuta hayo yanageuka moshi tu. Turbo inatafuta hewa kwa njia ya ajabu: moshi wa moto unaotoka kwenye motere unazungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo, kwa mti mmoja wa chuma, linazungusha lingine linalosukuma hewa safi ndani. Kazi ya kolekteri ni kukusanya moshi wa kila silinda na kuupeleka kwenye turbo bila kuvuja. Ni nguvu iliyokuwa inatupwa, ikarudishwa kazini.

Aliyeandikisha wazo hilo mwaka 1905 ni Alfred Büchi, injinia wa Uswisi. Miaka mingi ilipita kabla halijazaa matunda, kwa sababu vyuma vya wakati ule havikuvumilia joto. Katika miaka ya 1920, meli mbili za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa motere za mazutu zenye turbo ya Büchi. Nguvu ya motere ilitoka farasi 1,750 ikafika 2,500. Mwaka 1938, kampuni ya Saurer, nayo ya Uswisi, ilitoa motere ya kamio yenye turbo.

Lakini kwa watu wa Bukavu, jaribio linalogusa zaidi ni la Marekani, mwaka 1918. Sanford Moss, injinia wa General Electric, alipandisha motere ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, wenye mita 4,300 na kitu. Chini, usawa wa bahari, motere ile ilitoa nguvu farasi 350. Kule juu ilishuka mpaka 230, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Ilipofungwa turbo, ikatoa 356. Mlima uliiba nguvu, turbo ikairudisha.

Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa mia kila mita 100 inazopanda. Kwa hiyo gari linalofika hapa limekwisha kupoteza kama sehemu kumi na tano kwa mia ya nguvu lililozaliwa nayo. Shofere anayetoka Uvira, karibu na Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi, anapita bonde la Rusizi vizuri, halafu Kamanyola, halafu anakutana na kona za Ngomo kabla ya kufika Nyangezi. Hapo ndipo mzigo unaonyesha uzito wake. Hewa inapungua wakati ule ule mlima unaodai nguvu zaidi.

Afrika Mashariki ilijifunza somo hilo katika mashindano. Safari Rally ilianza mwaka 1953, magari yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi dereva wa Kenya, Shekhar Mehta, alishinda na Datsun zisizo na turbo: 1973, halafu mara nne mfululizo kutoka 1979 mpaka 1982. Wengi waliamini kwamba turbo ni kitu cha Ulaya, kwamba vumbi, joto na mashimo vitaiua. Mwaka 1983, Audi Quattro za turbo zilifika katika nafasi ya pili na ya tatu, nyuma ya Opel Ascona ya Ari Vatanen isiyo na turbo. Mwaka uliofuata Björn Waldegård alishinda na Toyota Celica yenye turbo. Gari la aina hiyo likashinda tena 1985 na Juha Kankkunen, na 1986 na Waldegård. Mabishano yakaisha.

Kwa barabara za Kivu, jina linalojulikana zaidi ni Land Cruiser. Motere yake ya 1HZ, ya mazutu, lita 4.2, silinda sita, haina turbo na ina nguvu farasi kama 130. Inapendwa kwa uvumilivu wake. Mwaka 1990 Toyota ilitoa ndugu yake, 1HD-T, ya lita zile zile lakini yenye turbo, ikapita nguvu farasi 160. Tangu hapo mafundi wa inchi nyingi wanajiuliza: kwa nini tusifunge turbo kwenye 1HZ? Jibu linaanza na kolekteri, kwa sababu ile ya kiwandani haina mahali pa kuishikilia turbo. Inabidi kuitengeneza kwa mkono.

Kazi yenyewe inataka subira. Fundi anakata bamba nene la chuma, milimita 10 au 12, na kulitoboa sawasawa na matundu ya kichwa cha motere. Bamba jembamba linajikunja kwa moto. Kisha anatafuta kona za bomba nene, aina ya mabomba ya mvuke, kwa kuwa bomba la kawaida la eshapoma linaungua upesi. Moshi wa motere ya mazutu unaweza kupita digri 600 za joto. Wa esanse unaweza kukaribia 1,000. Kolekteri yenye urefu wa nusu mita, ikipata joto la digri 700, inarefuka kama milimita nne, halafu inarudi inapopoa. Kila safari inarefuka na kurudi. Hapo ndipo nyufa zinapozaliwa.

Ndiyo maana fundi mwenye akili anafunga bamba kwa bolti juu ya kichwa kibovu cha motere kabla ya kuchomelea, anachoma kidogo huku na kidogo kule, na haimwagii maji ili ipoe haraka. Ikipoa anaipima kwa rula na kuinyoosha kwa tupa. Anasafisha ndani mpaka mwisho, kwa sababu kipande kidogo cha takataka ya bageti kikianguka ndani kitagonga gurudumu la turbo, linaloweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Tena anaweka mguu wa kubeba uzito wa turbo, usining'inie kwenye bomba peke yake.

Kolekteri ya kiwandani, ya chuma cha kusubu, ina shida yake. Ikipasuka, kuichoma baridi ni kudanganya mwenye gari: itafunguka pembeni. Inatobolewa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, inapashwa moto, inachomwa kwa bageti ya nikeli, halafu inafunikwa majivu ipoe polepole. Na turbo ikifungwa kwenye motere ambayo haikuzaliwa nayo, presha iwe ndogo. Tamaa ya mwendo imepasua vichwa vingi vya 1HZ.

Ukanda huu haukuanza leo kujitengenezea. Kenya ilijaribu gari lake, Nyayo Pioneer, wazo lililotolewa mwaka 1986. Magari machache ya majaribio yalitengenezwa, lakini pesa za kiwanda hazikupatikana. Huko Goma, chukudu ya mbao haina motere wala turbo, lakini imelisha familia nyingi, na tangu 2009 ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu mjini.

Katika miaka hii ya kukimbiakimbia, fundi anaweza kuacha nyumba, mashine ya kuchomelea na hata tupa. Anayofika nayo ni mikono na hesabu iliyo kichwani. Hiyo hailipiwi nafasi kwenye kamio, wala haiporwi kwenye kizuizi. Kijana aliyekaa karibu na fundi wa namna hiyo, akamshikia taa na kumuuliza kwa nini chuma kinawekwa kwenye majivu, amekwisha kuanza shule. Na siku kamio itakaposimama Ngomo na watu juu yake, abiria watauliza kama kuna mtu anayejua hiyo kazi.